Tochi ya karibu na tochi ya mbali: namna ya kuchagua jozi inayokamilishana

Katika ukanda wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Gatumba hadi Nyanza-Lac, usiku una kazi zake. Wavuvi huingia ziwani katika siku za giza, mwezi usipokuwapo. Walinzi huzunguka maghala na nyua. Wenye mashamba yaliyo karibu na maji huamka kuangalia kama viboko wametoka kuja malishoni. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2024 na kuingia katika makazi ya Gatumba na sehemu za ufukwe wa Bujumbura, mpaka kati ya makao ya watu na makao ya wanyama wa majini ulizidi kuwa mwembamba. Kwa watu wote hao tochi ni chombo cha usalama, na uchaguzi wake unastahili fikra zaidi ya kutazama bei na maandishi makubwa ya boksi.

Makala haya yanaeleza jambo moja ambalo wanunuzi wengi hulikuta wakiwa wamekwisha kulipa: tochi inayoangaza vizuri eneo pana lililo karibu si tochi inayofika mbali, na inayofika mbali haifai kuangazia miguu. Anayehitaji mambo yote mawili atanufaika zaidi na tochi mbili za wastani zinazokamilishana kuliko tochi moja ya gharama kubwa.

Lumeni na kandela

Maboksi ya tochi zinazouzwa katika masoko yetu, kama lile la Ruvumera mjini Bujumbura, huandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa au Kichina, na idadi inayoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote ni ile ya lumeni. Lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga wote unaotoka katika tochi, uelekee kokote. Haisemi lolote kuhusu mwanga huo umekusanywa au umetawanywa.

Kipimo cha pili, ambacho mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo au hakiandikwi kabisa, ni kandela. Hiki hupima ukali wa mwanga katika upande mmoja, yaani katikati ya mwale. Anayemwagilia bustani kwa mpira wa maji anaijua tofauti hii. Maji ni yale yale, lakini mpira ukiachwa wazi humwaga miguuni, na mdomo wake ukibanwa kwa kidole hurusha maji hadi upande wa pili wa ua. Lumeni ni wingi wa maji. Kandela ni nguvu ya mrusho.

Tuchukue mfano wa tochi mbili. Ya kwanza ina lumeni 1,000 na kandela 2,500. Ya pili ina lumeni 400 tu, lakini kandela zake ni 40,000. Kwa hesabu itakayoelezwa hapa chini, ya kwanza hufika mita 100 na ya pili hufika mita 400. Mnunuzi aliyetazama lumeni peke yake, akitafuta tochi ya kuonea mbali, angeichukua ile ya kwanza na kurudi nyumbani na chombo kisichofaa kwa kazi yake.

Umbali ulioandikwa na umbali wa kweli

Tangu mwaka 2009 kuna kanuni ya upimaji wa tochi iliyotungwa Marekani, ijulikanayo kwa jina la ANSI FL1, na watengenezaji wengi wa nchi mbalimbali huifuata. Kwa kanuni hiyo, umbali wa tochi ni mahali ambapo mwanga wake umefifia hadi robo ya luksi, yaani takriban mwanga wa mwezi mpevu katika anga safi. Hesabu yake ni rahisi: tafuta kipeuo cha pili cha idadi ya kandela, kisha zidisha kwa mbili. Kandela 2,500 huleta mita 100; kandela 10,000 huleta mita 200; kandela 22,500 huleta mita 300; kandela 90,000 huleta mita 600.

Hesabu hii inafunua mambo mawili. La kwanza ni kwamba ili umbali uongezeke mara mbili, kandela sharti ziongezeke mara nne, kwa kuwa mwanga unapokwenda mbali huenea na kufifia upesi. La pili ni kwamba umbali ulioandikwa si umbali wa kutambua kitu. Mwanga wa mwezi unatosha kuonyesha kuwa kuna umbo mbele yako, lakini hautoshi kukujulisha kama umbo hilo ni ng'ombe, kichaka au kiboko. Kwa matumizi ya kweli gawanya umbali huo kwa mbili au kwa tatu. Katika nusu ya umbali mwanga huwa luksi 1, na katika theluthi huwa zaidi ya luksi 2. Anayetaka kutambua mnyama aliye mita 100 mbele atafute tochi iliyoandikwa mita 200 hadi 300.

Boksi linalodai lumeni maelfu kwa maelfu bila kutaja kandela, umbali wala kanuni ya upimaji lisiaminiwe. Tochi ndogo ya kushika kiganjani haiwezi kutoa mwanga mkubwa kwa muda mrefu, maana joto huizidi. Hata tochi za kuaminika zinazofikisha lumeni 1,000 na zaidi hupunguza mwanga zenyewe baada ya dakika chache ili zisiungue.

Muda wa kuwaka nao una siri yake. Kanuni hiyo huhesabu muda hadi mwanga uliopimwa mara baada ya kuwasha upungue na kubaki asilimia 10. Basi tochi iliyoandikwa saa sita haiahidi saa sita za mwanga kamili.

Kwa nini moja haitoshi

Kinachotenganisha tochi hizi ni umbo la sehemu ya mbele. Tochi ya mbali huwa na kikombe kipana, kirefu na laini kama kioo, kinachokizunguka kitaa kidogo cha LED. Kadiri kikombe kinavyokuwa kikubwa na kitaa kinavyokuwa kidogo, ndivyo mwale unavyokusanyika. Tochi ya karibu huwa na kikombe kifupi, au chenye mikwaruzo kama ganda la chungwa, au lenzi yenye ukungu. Vyote hivyo huutawanya mwanga kwa usawa.

Ukitembea kwa tochi ya mbali pekee utaona duara dogo linalong'aa sana na giza pande zote, kana kwamba unachungulia kupitia bomba. Kilicho pembeni ya mguu wako hukioni. Ukiimulika karibu, juu ya ukuta mweupe au karatasi, mwanga hurudi machoni na kukuumiza.

Ukitumia tochi ya karibu pekee na kuiongezea nguvu ili ufike mbali, tatizo jingine huzuka. Ardhi iliyo mbele ya miguu hung'aa mno, mboni ya jicho hujifunga kwa sababu ya mng'ao huo, na kila kilicho mbali huwa cheusi zaidi kuliko kilivyokuwa. Ndiyo maana kuongeza mwanga mpana si njia ya kuona mbali. Anayetaka kutazama mbali azime ile ya karibu kwanza, kisha awashe ya mbali. Tochi mbili zenye swichi mbili humpa mtu uwezo huo.

Masokoni zipo pia tochi za bei nafuu ambazo kichwa chake huvutwa mbele na nyuma ili kubadili upana wa mwanga. Zinasaidia, lakini zikibanwa kwa mwanga wa mbali sehemu kubwa ya mwanga hupotea ndani ya kichwa, na mara nyingi maji na vumbi hupenya mahali panapovutwa. Zisitegemewe ziwani.

Kuchagua tochi ya karibu

Mwenye fedha za kununua tochi moja kwa sasa aanze na hii, kwa sababu hatari nyingi za usiku ziko ndani ya hatua kumi: shimo, mfereji, waya, nyoka. Lumeni 200 hadi 400 zinatosha kwa kutembea. Lumeni 50 hadi 100 zinatosha chumbani umeme unapokatika. Tafuta tochi yenye ngazi kadhaa za mwanga, na uhakikishe kwamba ngazi ya chini ni hafifu kweli, maana hiyo ndiyo itakayokufikisha asubuhi.

Mulika ukutani dukani kutoka hatua tatu. Tochi nzuri ya karibu huonyesha mwanga mpana uliolingana, usio na doa kali katikati wala pete za giza.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini na huandikwa kwa herufi K. Mwanga wa 3000 K huelekea umanjano, wa 4000 hadi 5000 K hukaribia mwanga wa mchana, na wa 6500 K ni mweupe wenye ubuluu. Kwa kazi ya karibu ule wa kati ni bora, kwani huonyesha rangi kwa uaminifu zaidi: damu hutofautishwa na matope, na waya mwekundu na wa kahawia.

Taa ya kichwani huacha mikono huru na ni bora kwa fundi, mkunga au mvuvi anayefungua nyavu. Lakini ina kasoro moja. Mwanga unaotoka karibu na macho hufuta vivuli, na ardhi huonekana kama ubao. Kifutu, nyoka anayejificha kwa kutulia tuli na kufanana na majani makavu, huonekana kwa urahisi zaidi kwa mwanga uliotoka chini, ambao hulaza kivuli pembeni yake. Kwa hiyo njiani ishike tochi usawa wa kiuno na umulike mbele ya hatua zako.

Kuchagua tochi ya mbali

Kwa ua mkubwa, shamba au mtumbwi, kandela 20,000 hadi 40,000 zinatosha. Kwa hesabu tuliyoitaja huo ni umbali wa mita 280 hadi 400 kwa maandishi, na mita 100 hadi 200 kwa kutambua. Kuvuka kiwango hicho hugharimu fedha nyingi kwa faida ndogo, na mwale huwa mwembamba kiasi cha kumsumbua mtumiaji.

Dukani, usiipime kwa kuitazama machoni, ni hatari. Mulika ukuta ulio mbali kadiri duka au uchochoro unavyoruhusu. Tafuta kitovu kidogo chenye makali na mwanga hafifu unaokizunguka. Ule mwanga wa pembeni nao una manufaa, kwani hukujulisha unapoelekeza.

Penye ukungu, vumbi au moshi, mwale mkali hugonga chembe za hewani na kumrudia mtazamaji kama pazia jeupe. Hapo ishushe tochi kiunoni au inyooshe mkono mbali na uso. Lakini unapotafuta macho ya mnyama, fanya kinyume chake. Macho ya mamba hurudisha mwanga kule ulikotoka, yakionekana kama makaa mekundu juu ya maji, na mtu huyaona tu pale tochi inapokuwa karibu na usawa wa macho yake mwenyewe. Wengi huikosa ishara hii kwa kushika tochi chini.

Betri

Nunua tochi mbili zinazotumia betri za aina moja. Usiku mmoja ikizima, utahamisha betri kutoka katika nyingine. Faida hii ndogo ina thamani kuliko lumeni mia kadhaa za ziada.

Betri kubwa za duara zinazoitwa na wazee wetu mawe ya tochi hupatikana hata katika vibanda vya vijijini, na hilo ni jambo la kuzingatia kwa anayeishi mbali na umeme. Zisichanganywe mpya na kuukuu, na zitolewe ndani ya tochi isiyotumika, maana huvuja na kula viunganishi.

Betri za kuchaji za lithiamu zilizoenea ni zile zenye namba 18650. Namba hiyo inaeleza upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Betri moja huwa na volti 3.7 kwa wastani na volti 4.2 ikijaa. Uwezo wake huandikwa kwa herufi mAh, na hapa ndipo penye udanganyifu mwingi. Betri bora za umbo hili kwa kawaida ni za takriban mAh 3,500. Ile iliyoandikwa 9,900 ni ya uongo. Betri ya uongo mara nyingi huwa nyepesi kuliko ya kweli, na ukiipima mkononi pamoja na betri ya kuaminika utaihisi tofauti.

Betri hizi zina nguvu nyingi, na zikishughulikiwa vibaya huwaka moto. Usiiweke mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Usiichaji juu ya godoro wala bila mtu kuwapo. Iliyovimba, kuchubuka ganda au kulowa maji isitumike tena.

Maji na kuanguka

Alama ya IPX hufuatwa na tarakimu. IPX4 ina maana ya kuhimili maji yanayorushwa, kama mvua. IPX7 ni kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. IPX8 ni zaidi ya hapo. Nyumbani IPX4 inatosha, lakini mtumbwini isiwe chini ya IPX7. Tochi nyingi za chuma huzama, kwa hiyo ifungwe kamba mkononi au kwenye chombo.

Jozi kwa kazi tatu

Kwa nyumba iliyo karibu na ziwa au mto: tochi ya karibu itundikwe mlangoni, na ya mbali iwe kando yake. Kabla ya kutoka, simama kizingitini ukamulike uwanja wote kwa ile ya mbali, polepole, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kiboko hutoka majini usiku kula majani, na huweza kukimbia takriban kilomita 30 kwa saa, kasi ambayo watu wengi hawaifikii. Ukimwona, usimsogelee na usisimame kati yake na maji. Rudi ndani. Tazama mbali kwanza, kisha ndipo uwashe ya karibu na kutembea.

Kwa mlinzi: ya mbali iwe mkononi na ya karibu mfukoni au kichwani. Ya mbali iwashwe kwa vipindi vifupi. Anayetembea na taa inayowaka muda wote humwonyesha kila mtu mahali alipo, naye mwenyewe hawaoni walio gizani. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza kikamilifu, na mwako mmoja mkali huiharibu kazi hiyo. Mwanga mwekundu hafifu hauiharibu sana. Ni mzuri kwa kuandika daftari la lindo.

Kwa mvuvi: taa kali zinazoning'inizwa ili kuwavuta dagaa zina kazi yake, na hazimsaidii baharia kuona mbali. Kinyume chake, aliyekesha akizitazama huwa kipofu kwa giza linalomzunguka. Yule anayelinda usalama wa chombo azipe mgongo taa hizo na awe na tochi ya mbali ya kutazamia vyombo vingine, magogo na ufukwe. Taa ya kichwani yenye mwanga hafifu iwe ya nyavu na mafundo.

Kuonwa ni jambo tofauti na kuona

Tochi inayomulika mita 300 haina maana kwamba itaonekana mita 300 tu. Mwale ulioelekezwa kwa mtazamaji huonekana kwa kilomita kadhaa usiku mweupe usio na ukungu, hasa juu ya maji. Hapa tochi ya mbali huwa chombo cha kuombea msaada. Ishara inayotambuliwa kimataifa ni miwako mitatu mifupi, mitatu mirefu na mitatu mifupi, kisha nafasi, kisha kurudia. Tochi nyingi za siku hizi zina ngazi ya kuitoa ishara hiyo zenyewe. Ijaribu ukiwa nchi kavu, ujue swichi hubonyezwa mara ngapi, maana si jambo la kujifunzia ndani ya mtumbwi unaoingia maji.

Kwa kutafuta aliyepotea, iwe mtoto au mtu aliyechukuliwa na mafuriko, jozi hugawanywa. Mwenye tochi ya mbali asimame mahali palipoinuka na kufagia eneo polepole, kila mfagio ukigusa kidogo ule uliotangulia. Wenye tochi za karibu watembee kwa mstari, wakikagua vichaka na mifereji. Kila baada ya dakika chache wote wanyamaze na kusikiliza.

Mwale mkali usielekezwe machoni pa mtu, dereva wala mwendesha pikipiki. Sekunde chache za upofu barabarani zinatosha kuua. Tochi zote mbili zijaribiwe mara moja kwa wiki, betri zichajiwe kabla hazijaisha, na kila mtu wa nyumba ajue kwa kupapasa tu ipi ni ya karibu na ipi ni ya mbali. Uzi au kipande cha mpira kilichofungwa kwenye moja kinatosha kuzitofautisha gizani.